Nilivyotoa upepo kwenye klachi ya pikapu yangu

Ilianza na rivasi. Alfajiri moja pale Soni, gari limeshiba karoti na kabichi, nilikanyaga klachi hadi chini nikavuta gia ya kurudi nyuma, ikakwaruza mpaka wapagazi wakageuka. Nikakanyaga mara tatu za harakaharaka, ikaingia laini kabisa. Nikaondoka zangu. Laiti ningetulia hapo hapo nikafikiri kwa nini mara ya kwanza ilikataa na ya tatu ikakubali, nisingehangaika wiki nzima.

Barabara ya Mombo hadi Lushoto, inayopita hapo Soni, ni kilomita 33 hivi za kona juu ya kona, huku mwamba, huku korongo. Hupandi wala hushuki bila kubadilisha gia kila mara. Siku zilivyokwenda pedeli ikawa inabonyea kama godoro, na Ijumaa ikabaki sakafuni kabisa. Niliinyanyua kwa ncha ya kiatu, nikafika nyumbani kwa gia ya pili.

Fundi wa gereji niliyopitia alinisikiliza kidogo tu, akasema klachi pleti imekwisha, gia boksi ishushwe. Sikubishana naye, lakini maneno yale hayakuniingia. Pleti iliyokwisha huteleza: injini inanguruma, mwendo hauongezeki, na mlimani unasikia harufu ya kuungua. Gari langu lilikuwa linavuta vizuri na mzigo wake. Tatizo langu lilikuwa kinyume chake, klachi haiachii. Na klachi isiyoachia mpaka uipampu, yaani uikanyage harakaharaka mara kadhaa, kwanza itazame mafuta na upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye mafuta hayo. Kushusha gia boksi ni gharama kubwa, na nawaomba wenzangu mfanye jaribio hilo la kupampu kabla hamjakubali.

Klachi ya aina hii, inayosukumwa na mafuta, inafanya kazi hivi: ukikanyaga, masta silinda iliyo mbele ya miguu ya dereva, upande wa injini, inasukuma mafuta kupitia bomba jembamba mpaka silinda ya chini, ubavuni mwa gia boksi. Mafundi huiita slevu. Hiyo nayo inasukuma uma, uma unaachia pleti. Mafuta hayabonyei, hewa inabonyea. Tone la hewa likikaa humo, nguvu ya mguu wako inaishia kulibana hilo tone, na uma hausogei inavyotakiwa.

Nilifungua boneti. Kikopo cha klachi kilikuwa kimeshuka chini ya alama, na mafuta yenyewe meusi kama kahawa ya kwenye vikombe vidogo. Mapya huwa karibu na rangi ya maji, au ya chai ya rangi iliyokolea kidogo tu. Haya ni mafuta yale yale ya breki, na tabia yake ni kunyonya unyevu wa hewani. DOT 3, daraja la mafuta ninayotumia, ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzijoto 205. Ikishanyonya maji kiwango hicho kinashuka hadi 140. Kwenye klachi joto si kali kama kwenye breki, lakini maji hayo yanatia kutu ndani ya silinda, na kutu inakula raba.

Ila mafuta hayapungui bila kwenda mahali. Nililala chini ya gari (breki ya mkono juu, mawe nyuma ya matairi, stendi mbili madhubuti, maana jeki peke yake siiamini), nikainua raba ya vumbi ya slevu. Yakachuruzika hadi kwenye kiganja. Hapo ndipo hewa ilipopata mlango. Kama ningetoa upepo tu na kuacha raba ya pistoni, ile inayozuia mafuta yasipite, pedeli ingelegea tena baada ya siku chache. Nikafungua bolti mbili na bomba, nikatoa pistoni, nikapitisha kidole ndani ya silinda. Ukuta ulikuwa laini, hauna mikwaruzo wala vishimo, kwa hiyo nilinunua raba mpya tu. Ungekuwa na vishimo ningenunua slevu nzima. Raba niliipaka mafuta mapya ya breki, mdomo wake ukielekea upande wa mafuta. Msipake grisi ya kawaida wala oili ya injini, raba hizi zitavimba.

Mafuta machafu niliyanyonya kutoka kwenye kikopo kwa bomba la sindano, nikamimina mapya ya DOT 3 kama kifuniko kinavyoelekeza. Chupa ya nusu lita ilinitosha na kubaki. Kwenye nati ya kutolea upepo nilichomeka mpira wa dripu, ncha ya pili nikaizamisha kwenye chupa yenye mafuta kidogo ili mpira ukinyonya usinyonye hewa.

Kwenye pedeli nilimweka binti yangu wa kidato cha pili. Duru ya kwanza iliharibika. Alikuwa ananyanyua mguu kabla sijafunga nati, na upepo unarudi kupitia kwenye nyuzi za nati. Tulikanyaga mara ishirini, pedeli ikawa mbovu kuliko mwanzo.

"Baba, mbona unasema 'haya' kwa kila kitu?" akaniuliza. "Haya ipi ya kukanyaga, ipi ya kuachia?"

Alikuwa na haki. Tukakubaliana upya: nikisema "kanyaga", anakanyaga hadi chini na kujibu "nimeshika". Nafungua nati robo mzunguko, mafuta yanatoka, nafunga. Ndipo nasema "achia". Hakuna neno lingine. Kila baada ya mara tano natoka chini naongeza mafuta, kwa sababu kikopo kikikauka hewa inaingia kwa juu na unaanza upya.

Yakatoka meusi kwanza, kisha mapovu makubwa, kisha mapovu madogo kama ya soda, kisha mafuta meupe matupu. Bado pedeli ilikuwa inalegea nusu ya juu. Nikafungua zile bolti mbili tena, bomba likiwa limeungwa, nikaishika slevu nati ya upepo ikitazama juu, nikasukuma pistoni ndani polepole kwa kidole gumba. Binti alikuwa ameinama kwenye boneti akitazama kikopo, mguu wake mbali na pedeli. "Baba, linatoka moja kubwa," akasema. Povu lile lilikuwa limejificha kwenye kona ya silinda siku nzima.

Tulirudisha slevu, tukatoa upepo mara nne za mwisho, nikaosha kwa maji matone yaliyodondokea kwenye rangi kabla hayajaibabua. Mafuta machafu niliyaweka kwenye dumu lenye alama, si kwenye chupa ya soda, kwa kuwa ni sumu na nyumbani kuna watoto. Kisha nikawasha injini, nikakanyaga mara moja, nikahesabu hadi tano, nikavuta rivasi. Ikaingia bila sauti.

Jumatatu nilishuka Mombo na mzigo kamili, nikarudi. Usawa wa mafuta niliuwekea alama kwa kalamu pembeni ya kikopo. Leo ni wiki ya tatu, na bado uko pale pale kwenye alama.