Sanduku Linalonguruma

"Mama, hili sanduku linalonguruma ni la nini?"

Kitinda mimba wangu aliniuliza jana, nikiwa nampunguzia suruali. Nikamwambia ni transfoma, inapunguza umeme. "Kwani umeme ni mwingi?" Nikaacha kushona.

Ni mwingi, mwanangu. Ukutani unatoka volti 240, na cherehani hii inataka 110. Sikuichagua hivyo. Tangazo kwenye soko la mtandaoni lilisema wazi 220–240, nikaagiza, nikalipa, nikasubiri wiki nne. Siku ilipofika plagi ilikuwa tayari mkononi nilipoona kibandiko kidogo karibu na mota: 110 V, 60 Hz. Ningechomeka kwanza, mota ingeungua, na ningeonekana mharibifu mimi.

Nilipiga picha kibandiko, kifurushi na tangazo lenyewe kabla halijabadilishwa. Ndipo nikamwandikia muuzaji.

Jibu lilikuja na pole nyingi: ninunue adapta ya plagi, naye atanirudishia asilimia 10. Nikamweleza kuwa adapta hubadilisha umbo la plagi tu, volti haizigusi. Akapanda hadi 15. Basi nirudishie zote, nikamwambia, nami nikurudishie mzigo wako. Akakubali kwa upole, ila nauli ya kurudisha iwe juu yangu. Cherehani ya chuma ile! Nauli ilikaribia nusu ya bei niliyoinunulia. Hapo ndipo nilipoelewa upole wake.

Usiku wa mwisho ninaukumbuka kama jana. Watoto wamelala, boksi liko wazi sakafuni, zimebaki siku mbili muda wa kudai ufungwe. Nilichukua daftari nikapiga hesabu. Mashine inakula wati 100, lakini transfoma isizidiwe, kwa hiyo wati 300. Kuileta. Fundi wa kuikagua. Jumla ikawa asilimia 34 ya nilicholipa. Nikaomba 40, nikaorodhesha kila kitu, nikambandikia na kifungu cha sheria za soko lile: bidhaa isiyolingana na maelezo hurudishwa kwa gharama ya muuzaji. Sikuandika kwa hasira. Ujumbe wa hasira nilikuwa nimeuandika mapema jioni, nikaufuta.

Nukta tatu zikaanza kuchezacheza kwenye skrini. Zikapotea. Zikarudi. Kwa mara ya kwanza nikamfikiria kama mtu, naye ameshika simu yake mahali fulani, naye ana daftari lake. Halafu: "Asilimia 35, ufunge malalamiko sasa hivi."

Chini yake kulikuwa na kitufe cha kukubali, na maandishi madogo kwamba dai likishafungwa halifunguliwi tena. Kidole changu kilikaa juu ya kitufe kile muda mrefu. Asilimia 35 ilitosha transfoma na fundi. Haikulipa wiki nne, wala nguo nilizokuwa nimeahidi watu nikashindwa kuzimaliza. Lakini nilikuwa nimechoka, na hesabu ya daftari ilikuwa imetimia. Nikabonyeza.

Pesa ziliingia siku ya tano. Fundi alinihakikishia kuwa mota ya aina hii, yenye brashi za kaboni, haisumbuliwi na tofauti ya mapigo ya umeme kwa sekunde, 50 Hz ya ukutani na 60 Hz ya kibandiko, volti tu ndizo za kuogopa. Nimeishonea tangu hapo bila shida.

Miezi kadhaa baadaye nilipita kwenye ukurasa ule nikitafuta sindano. Tangazo lilikuwepo, picha ileile, bado limeandikwa 220–240. Nilifungua sehemu ya maoni, nikaandika mistari miwili, nikaifuta. Niliona kama nimeshalipwa ninyamaze. Juzi nimeyasoma upya makubaliano yetu, neno kwa neno: yanasema dai lifungwe. Hayasemi popote kwamba ninyamaze.

Sijui aliyeagiza baada yangu kama alitazama kibandiko kabla ya kuchomeka.