Ramani za wachezaji katika N: kwa nini baadhi hazisahauliki

Dhahabu moja katika N, mchezo wa kompyuta wa ninja anayekimbilia mlangoni, huongeza sekunde 2 kwenye saa. Unaanza na sekunde 90, saa inashuka, na muda uliobaki ukigusa mlango wa kutokea ndio alama zako. Mtengenezaji hodari wa ramani analijua hilo kabla hajaweka kigae cha kwanza, yaani kipande cha mraba kinachojenga ramani. Dhahabu ya njiani anaitoa bure. Ile ya kwenye kona anaiweka mahali ambapo mchezaji mwepesi ataifuata kwa sekunde 1.7 na kupata faida, na mzito ataifuata kwa sekunde 3 na kula hasara. Ramani haijabadilika hata kidogo, ila wachezaji wawili wanaona njia mbili tofauti. Ramani ya namna hiyo inachezwa mara mia bila kuchosha.

Kwa asiyeujua mchezo: N ilitengenezwa Toronto, Kanada, na Raigan Burns na Mare Sheppard wa Metanet Software. Ilitoka mwaka 2004, ya bure, kwa Flash, programu ya zama hizo ya kutengenezea michezo na katuni. Ikafuata N+ mwaka 2008, kisha N++ mwaka 2015 kwenye PlayStation 4, na mwaka mmoja baadaye kwenye kompyuta. Vitufe ni vitatu tu: kushoto, kulia, kuruka. Ninja ni duara lenye kipenyo cha pikseli 20, na kigae kina upana wa pikseli 24, kwa hiyo pengo la kigae kimoja linamwachia pikseli 4 za kupumulia. Hana silaha. Anakimbia, anaruka, anateleza ukutani, na akianguka kwa kasi kubwa kwenye sakafu bapa anakufa.

Kihariri cha ramani kimo ndani ya mchezo wenyewe. Katika N ya zamani ramani nzima ilikuwa mstari wa maandishi: herufi 713 za vigae, yaani safu 31 kwa mistari 23, halafu orodha ya vitu na mahali vilipo. Uliunakili mstari huo, ukaubandika kwenye faili la userlevels.txt, ukacheza. Hiyo ndiyo sababu ramani zilisambaa haraka hivyo: ilitosha kumtumia mwenzako ujumbe. N++ imepanua uwanja hadi safu 42, na ramani zinatumwa na kutafutwa humohumo mchezoni.

Sasa tuje kwenye DDA. Herufi hizo ni za Kiingereza, Don't Do Anything, maana yake “usifanye chochote”. Unaanzisha ramani, unaondoa mikono kwenye vitufe, na ninja anarushwa huku na huko kama mpira hadi mlangoni, roketi zikimkosakosa na leza zikipita mahali alipotoka punde tu. Kwa maoni yangu hakuna kitu kingine walichobuni wachezaji wa mchezo huu kinachofikia ufundi wa DDA nzuri, na wanaoziita “video tu” hawajawahi kujaribu kujenga hata moja.

Inawezekana kwa sababu N haina bahati nasibu. Vitufe vilevile katika fremu zilezile, yaani picha zilezile za mwendo, vinaleta matokeo yaleyale, leo na mwaka ujao. Basi usipobonyeza chochote, safari ni ileile daima.

Kuijenga huanza na ninja. Mweke hewani, juu ya kirushio, yaani kibao kinachomrusha akikigusa, kisha anzisha mchezo na utazame anapogonga. Hapohapo weka kifaa kinachofuata: kirushio kingine, tofali la kudunda, au thwampu, lile tofali linalochomoka kwa kasi ninja akikatiza mbele yake na kurudi polepole. Thwampu lina upande mmoja tu unaoua. Pande nyingine zinasukuma, na msukumo huo ni hazina. Ongeza kifaa kimoja, jaribu, ongeza kingine. Baada ya kila vifaa vitatu au vinne hifadhi nakala yenye jina jipya. Usipofanya hivyo utajuta, maana ukisogeza kirushio cha mwanzo robo ya kigae, pikseli 6, kila kilichofuata kinavurugika na hakuna njia ya kukirudisha kwa kukisia.

Yanayoharibika mara nyingi ni matatu. Sakafu bapa ndefu: msuguano unamla ninja kasi hadi anasimama, na ramani imekufia hapo. Dawa yake ni mteremko, au kirushio karibu kabisa na anapotua. La pili ni kirushio kinachompeleka moja kwa moja darini, ambako kishindo kinamuua vilevile kama sakafuni. Mpindie kigae cha mviringo pale juu, dari limgeuze badala ya kumpasua. La tatu linawapata hata wazoefu: kumpitisha ninja mara mbili mbele ya thwampu moja kabla halijarudi kwake. Mara ya pili halipo mahali pake, na msukumo uliotegemewa haupatikani.

Maadui huja mwisho. Roketi, bunduki na droni (mashine zinazozunguka uwanjani) havimsukumi ninja: ama vinamuua ama vinamwacha apite, kwa hiyo unaweza kuviongeza baada ya njia kukamilika bila kuigusa. Hapa ndipo sanaa yenyewe ilipo. Mzinga wa roketi unafyatua ukimwona ninja, na roketi inamfuata ikikata kona kwa uzito. Sogeza mzinga kidogo, cheza, sogeza tena, mpaka roketi ipite kisogoni na kulipuka ukutani wakati yeye tayari ameshachukuliwa na kirushio. DDA bora zina kukoswakoswa kama huko tangu sekunde ya kwanza, na kila adui unayemwona anamkaribia ninja kweli. Zile dhaifu zimejaza uwanja roketi ambazo hazimfikii kabisa. Ni kelele tupu.

Jambo moja la kuhuzunisha: DDA za zamani hazihamishiki. N ya Flash ilihesabu mwendo mara 40 kwa sekunde, N++ inahesabu mara 60. Tofauti hiyo ndogo inatosha kumpeleka ninja kwingine kabisa kwenye mdundo wa tatu au wa nne. Anayetaka kuipata kazi ile sharti aitazame ndani ya mchezo wake wa asili.

Ramani za mbio ni ndugu wa DDA, ila hapa vitufe ni vyako. Alama ya mbio nzuri ni kwamba kasi haikatiki. Kishindo kinachoua ni kile kinachoingia moja kwa moja kwenye uso wa kigae, hivyo anguko refu linalomalizikia kwenye mteremko halidhuru, linageuka kuwa mbio. Mtengenezaji mzuri humdondosha mchezaji kutoka juu kabisa hadi chini, akampokea kwa mteremko, akampandisha kwa kigae kilichopinda, na yote hayo yanaonekana kwa macho kabla hujaruka. Mahali ambapo lazima usimame na kugeuka ni kosa la mchoraji. Mahali unapokufa kwa kitu ambacho hakikuonekana ulipokuwa unaruka ni kosa kubwa zaidi.

Ramani za mabomu matupu, yale ya kutegwa yanayoua yakiguswa, zipo nyingi mno, na nyingi hazistahili muda wako. Zinazostahili hutumia mabomu kama mstari wa kalamu: yanaonyesha mkunjo wa mruko unaotakiwa, urefu wa kubonyeza kitufe na mahali pa kukiachia.

N++ ilileta ninja kivuli, na wachezaji wamemfanyia maajabu. Ukigusa duara lake anazaliwa, kisha anafuata njia uliyopita wewe hatua kwa hatua, nyuma yako kidogo, na kumgusa ni kufa. Maana yake adui wa ramani hiyo ni mwendo wako mwenyewe. Ramani mahiri inaweka swichi inayofungua mlango mwishoni mwa ukumbi usiopenya, ili lazima urudi ulikotoka na mkutane ana kwa ana. Ukumbi ukiwa na kimo cha kigae kimoja, haiwezekani. Dari likiwa juu vya kutosha, unamruka, lakini mruko huo nao unaandikwa, na kivuli cha pili, kikiwapo, kitauiga. Ukizurura mwanzoni kutafuta dhahabu, unajitengenezea fujo ya kukwepa baadaye. Ramani chache za aina hii zina vitu vinne tu: ninja, duara, swichi na mlango. Ndizo ngumu kuliko zote.

Ukipata ramani unayodhani umeimaliza vizuri, fungua orodha ya alama zake ndani ya N++ na utazame marudio ya aliye juu. Usiangalie mikono yake kwanza. Hesabu dhahabu alizoziacha.