Kabla Useme Ni Wazimu, Shika Mkono Wake Kwanza

Usiku mmoja hivi majuzi hapa hospitali tuliletewa mwanaume wa kama miaka 40 kutoka upande wa Nyalenda, mtaa wa hapa Kisumu, amefungwa mikono kwa kamba ya ng'ombe, ndugu zake wanne wamemshika na mamake nyuma analia anasema mtoto wangu amekuwa janeko, yaani mwenda wazimu kwa Kijaluo. Alikuwa anaokota wadudu kwa shati, mmoja mmoja, anawatupa chini. Wadudu wenye sisi hatuwaoni.

Niliomba wamfungue kamba polepole, ndugu mmoja abaki na wengine watoke, stendi ya dripu ikatolewa, mimi nikasimama karibu na mlango. Usalama ndio unatangulia, wake na wetu, na hiyo haimaanishi kumkalia mtu. Nikamwambia jina langu, nikamwambia uko hospitali, ni usiku, hakuna mtu atakuumiza. Wadudu sikubishana naye na pia sikujifanya nawaona, nilimwambia tu mimi siwaoni lakini naona venye wanakusumbua, alafu nikashika mkono wake.

Ulikuwa moto, umelowa jasho, unatetemeka mpaka hangeweza kushika kikombe. Presha juu, moyo unapiga mbio. Sukari tukadunga kidole, iko sawa, malaria tukapima, hakuna. Nikamgeukia mzazi, "Mama, huwa anakunywa?" Akanyamaza kidogo. "Chang'aa, kila siku, lakini sista ameacha, tulimfungia kwa nyumba, leo ni siku ya tatu."

Hapo ndio nilielewa. Mtu amekunywa kila siku kwa miaka mingi, ukimwachisha ghafla, kuanzia siku ya pili mpaka ya nne hivi mwili unaweza kuvurugika hivyo, anatetemeka, anaona vitu, wengine wanapata degedege, na bila matibabu inaweza kuua. Alihitaji diazepamu ya kumtuliza, maji, thiamini (vitamini B1) kabla ya dripu ya sukari, chumba chenye taa na mtu wa kukaa naye. Na kituo cha kwanza walichopitia waliambiwa tu wampeleke wodi ya akili, hakuna mtu alimpima hata presha, na hilo linaniuma mpaka sasa juu malaria kali, meninjitisi (ugonjwa wa utando wa ubongo), sukari ikishuka, zote zinaweza kumfanya mtu aongee maneno hayaeleweki, na kwa wazee hata maambukizi ya mkojo tu. Mtu akichanganyikiwa ghafla, na hajawahi kuwa hivyo, anza na mwili. Hata yule mwenye ana faili ya miaka kumi kliniki ya akili bado anaweza kushikwa na malaria.

Siku ya tano alikuwa ametulia, amekula uji, amelala vizuri, anajua yuko Kisumu na ni siku gani. Nikavuta kiti nikakaa, nikamuuliza, "Umewahi kufikiria kujiua?" Wanafunzi wetu wanaogopa sana hilo swali, wanazunguka wanauliza kama una mawazo mengi, wanadhani ukilitaja utampandia wazo. Huwezi kumpandia, kama liko lilikuwepo kabla yako, na wengi wanapumua ukiwauliza waziwazi.

Akasema ndiyo. Tangu mwezi wa nne, na hajawahi kuambia mtu juu alisikia ni kesi, utashikwa. Nikamweleza Mahakama Kuu ya Kenya ilisema Januari 2025 kile kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, cha kushtaki mtu aliyejaribu kujiua, kinakiuka katiba, hakuna polisi nitaita. Akalia sana. Nikangoja amalize, ndio nikaendelea: ulifikiria kwa njia gani, hicho kitu kiko wapi saa hii, ni nani kwa boma unaweza kumwamsha usiku. Akaniambia kuna dawa ya kupulizia mboga chini ya kitanda. Akakubali tumwambie mamake.

Mama hakungoja saa ya kuona wagonjwa iishe. Alichukua boda akaenda nyumbani akaitoa, jioni akarudi na omena na ugali, akakaa hapo kwa kitanda akimtolea vichwa vya omena moja moja kama mtoto.