Kufuli Lilikuwepo, na Tapeli Alikuwepo

Kwa miaka kadhaa niliufuata ushauri wa shemeji yangu, ambaye katika ukoo wetu ndiye anayehesabiwa kuwa fundi wa kompyuta: ukitaka kujua kama tovuti ni ya kweli, tazama alama ya kufuli kando ya anwani, kagua makosa ya tahajia, na ukibaki na shaka, weka kwanza nywila ya uongo, kwa sababu tovuti ya matapeli hupokea lolote utakaloandika. Ushauri huo, kipengele kwa kipengele, nusura uniache mikono mitupu.

Barua pepe iliyonifikia ilidai kwamba akaunti yangu ya benki ingefungwa baada ya saa 24 nisipothibitisha taarifa zangu. Niliogopa, nikabofya kiungo, na ukurasa uliofunguka ulifanana na wa benki yangu kama shilingi kwa ya pili. Kufuli lilikuwepo, na lugha ilikuwa safi kuliko ya barua za benki yenyewe. Nikajiona mjanja, nikaandika nywila ya kubuni, na ukurasa ukanijibu kwa heshima zote kwamba nywila hiyo si sahihi. Nakiri kwamba nilitabasamu. Nikaweka ya kweli.

Baadaye ndipo nilipouelewa mchezo. Baadhi ya kurasa hizo hutengenezwa zikatae jaribio la kwanza la kila mtu, ili mara ya pili uandike kwa uangalifu zaidi. Nyingine hupeleka ulichoandika kwenye tovuti halisi papo hapo na kukurudishia jibu lake. Nalo kufuli huonyesha tu kwamba mawasiliano yamefichwa yasisomwe na watu wa njiani, wala halimdhamini aliye upande wa pili. Cheti kinacholileta hutolewa bure na shirika la Let's Encrypt tangu 2015, na tapeli hukipata kama mtu mwingine yeyote. Mwaka 2023 kivinjari cha Chrome kiliiondoa alama hiyo kando ya anwani, kwa kuwa wengi walikuwa wakiielewa kama shemeji yangu.

Kilichoniokoa ni kukosa miwani. Ukurasa uliniomba namba ya uthibitisho yenye tarakimu 6 “ili kufungua akaunti”, na ujumbe ukaingia kweli kwenye simu, lakini kwa kuwa sikuwa na miwani nililazimika kuusoma polepole, neno kwa neno, hadi mwisho, badala ya kunyakua namba kama kawaida yangu. Ulisema kwamba namba hiyo ni ya kuidhinisha kifaa kipya. Kifaa gani, nami nimeketi mbele ya kompyuta ileile ya siku zote? Nikainua macho kwenye anwani. Ilianza kwa jina la benki, nukta, com, na mimi nilikuwa nimezoea kuishia hapo. Kumbe ukishaivuka ile mikwaju miwili (//) ya mwanzoni, unatakiwa utafute mkwaju unaofuata, kisha usome kurudi kushoto: mwenye tovuti hutajwa na maneno yaliyo karibu kabisa na mkwaju huo, na yaliyotangulia ni pambo ambalo yeyote aweza kulibandika.

Nilibadilisha nywila na kuipigia benki kwa namba iliyo nyuma ya kadi. Fedha zilikuwa salama, ila kwa kuwa nywila hiyohiyo niliitumia kwenye barua pepe na kwingineko nisikokukumbuka vizuri, siku nzima iliteketea. Sasa nywila zangu hutunzwa na programu, ambayo hulinganisha anwani kabla ya kuzijaza na wala haitazami sura ya ukurasa. Juzi nilifungua kiungo cha “kifurushi chako kimekwama”, kikaniomba niingie kwa akaunti yangu ya barua pepe. Nikasubiri programu ijaze, ikakaa kimya. Nikafunga ukurasa bila hata kuisoma anwani.

Wiki moja baada ya kisa cha benki, bwana mmoja alinipigia akijitambulisha kuwa wa kitengo cha kurejesha fedha zilizoibwa mtandaoni, na kwamba zangu zimepatikana, ila nitangulize ada kidogo. Nilimwuliza ni fedha zipi, maana hakuna hata senti iliyopotea. Akakata simu. Nilipomsimulia shemeji, aliniuliza kama nilikuwa nimeliangalia kufuli vizuri.