Venye "get" ilinitoa jasho

Mimi si mwalimu wa Kingereza, niseme hio mapema. Kazi yangu ni kukaa kwa nyumba huku mtaa wa Zimmerman, Nairobi, na laptopu na bando, natafsiri yale maandishi ya chini ya video kutoka Kingereza kuja Kiswahili, na kwa miaka kama miwili nlikua najiona mkali, maneno makubwa makubwa yote nlikua nayo, sijui upembuzi yakinifu, sijui ughaibuni, mpaka siku moja kazi ya dakika 40 ikarudishwa yote na malipo ikakatwa nusu. Na si neno kubwa lilinimaliza. Ni "get".

Kuna mistari mitatu ilipakwa nyekundu mpaka leo naikumbuka. Mtu amebisha mlango, mwenye nyumba anasema "I'll get it", mimi nikaandika "Nitaipata". Ingine "He's getting old", nikaandika "Anapata uzee". Halafu ile mbaya kushinda zote, "She got him to sign", nikaandika "Alimpata kusaini", ambayo hata mimi nikiisoma saa hii siezi kukuambia nlikua namaanisha nini. Mwenye alikagua, Mtanzania nadhani kwa venye aliandika, aliniachia swali moja tu pale pembeni: "Ndugu yangu, hiki ni Kiswahili cha wapi?"

Nlikasirika, ukweli usemwe. Shule tulifunzwa get ni pata, got ni pata ya jana, basi, songa mbele. Nikaenda kwa kamusi na hio hasira, nikakuta neno limeenda kurasa na kurasa, kupata, kufika, kushika, kununua, kuleta, kuelewa, kuwa, kushikwa na ugonjwa, unasoma mpaka macho inauma. Na hapo ndo nafikiri watu wengi hukwama, ju unaeza kariri maana 20 na ukipatana na sentensi bado hujui ni gani kati ya hizo 20. Kitu ilinifurahisha tu ni kujua neno lenyewe Waingereza waliazima, lililetwa na wale watu wa Skandinavia waliovamia kwao zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, walikua wanasema "geta". Haikunisaidia kazi lakini nliskia vizuri, kumbe si sisi peke yetu tunaazimaga.

Mwenye alinifungua macho ni mama mmoja wa Mombasa anauza mahamri hapa stage. Asubuhi nimesimama kwake nalalamika, mama, neno moja linawezaje kua na maana hamsini, hawa watu wana wazimu. Yeye anafunga mahamri kwa gazeti, hata hakuinua kichwa.

"Na wewe leo umepiga nini na nini?"

Nikamwangalia tu.

"Mswaki umepiga. Hiyo shati umeipiga pasi. Sasa hivi wanipigia kelele, ukitoka hapa utapiga simu. Nani umemuumiza mwanangu?"

Manze. Nlibaki hapo na mahamri mkononi mpaka ikapoa. Ju ni kweli, piga yetu hapo yenyewe haisemi kitu kubwa, mzigo wote uko kwa kile kinafuata, picha, kura, deki, magoti, hodi, chafya. Mzungu akiambiwa piga ni kuchapa mtu, siku ataskia tumepiga picha na nyanya atakimbia polisi. Basi nikaamua na get pia niifanyie hivo, niwache kuiangalia yenyewe, niangalie nani amekaa mbele yake.

Nlichukua daftari nikarudia ile video yote mstari kwa mstari, siku nne. Get ikifuatwa na sifa, get tired, get wet, get fat, get drunk, Kiswahili hakina haja ya neno la get kabisa, tayari iko ndani ya kitenzi: kuchoka, kulowa, kunenepa, kulewa. Mzee hapati uzee, anazeeka. Nlijiskia mjinga ju hio nyanyangu angenisahihisha bila kwenda shule. Ikifuatwa na kitu mtu amefanyiwa, got robbed, got fired, tia tu "-wa" mwishoni, aliibiwa, alifutwa kazi. Isipokua hapo kuna mtego unaitwa got married. Kulikua na mtu anasema "my cousin got married last year" na Kingereza hakijali huyo cousin ni mwanaume ama mwanamke, lakini mimi siezi andika kama sijajua, ameoa ama ameolewa? Nlirudisha video nyuma mara tatu nikitafuta, hadi dakika ya sita ndo nikaskia mtu akimwita "she".

Ile ya alimpata kusaini ndo ilinikalia ngumu. Get mtu afanye kitu haikwambii ulimfanya aje, kama ulimlazimisha, ulimdanganya, ama ulimuomba. Waingereza wanawacha hio hewani. Sasa nikatazama ile sini bila sauti, nikaona huyo dada anamuongezea mzee chai, anamshika bega, anamsogezea kalamu pole pole. Nikaandika "Alimbembeleza mpaka akasaini".

Zile za get off na get up na get on hazikunisumbua sana, panda tu matatu. Gari ya 44 ikifika stage konda hasemi pata mbali, anasema shuka, anagonga bodi mara mbili, mnaenda. Ya mlango ikawa "Wacha nifungue", ingekua ni simu inalia ni "wacha nishike". Na kama unafanya video za Wamarekani chunga gotten, ju huko kwao "I've got a car" ni niko na gari, lakini "I've gotten a car" ni nimepata, na hizo ni habari mbili tofauti kwa mtu anadaiwa. Get away with bado inanipa shida mpaka leo, mimi huandika tu "alifanya na hakufanywa kitu", ni refu lakini linaeleweka.

Nikatuma tena kazi bila kuombwa, na bila kuomba pesa. Baada ya siku mbili ikarudi safi, hakuna nyekundu, isipokua mahali pamoja karibu na mwisho. Kuna kijana anamuelezea mwenzake njia ya kwenda mahali, halafu anamuuliza "Got it?", na mimi usingizi ulikua umeniingia, saa nane usiku, nikaandika venye tunaongeanga huku kila siku: "Umeget?"

Ndugu yangu akaniuliza tena, hiki ni Kiswahili cha wapi?

Hio nikamjibu. Cha Nairobi. Akaifuta akaweka "Umeelewa?", na pesa ikaingia yote.