Swali la Mzee wa Matema

Agosti 2012, Waziri wa Mambo ya Nje, Bernard Membe, alisimama bungeni akazitaka kampuni zinazotafuta mafuta upande wa mashariki wa Ziwa Nyasa zisitishe kazi. Leseni ya utafiti ilikuwa imetolewa na Malawi, ambayo husema sehemu yote ya kaskazini ya ziwa ni yake hadi ufukwe wa Tanzania. Sisi tunasema mpaka unapita katikati ya maji. Mhariri wangu akanituma Kyela. Alitaka habari za vita.

Vita sikuiona. Matema niliwakuta wavuvi wamekaa mchangani, mitumbwi imepandishwa, karabai hazina mafuta. Redio zilikuwa zikitaja vita kutwa, na wake zao wamewakatalia kwenda kuvua dagaa usiku. Iliniuma sana.

Mkobani nilikuwa na nakala ya mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa Julai 1, 1890, ambao Malawi huutegemea kudai maji hayo. Mzee mmoja, aliyeacha uvuvi kwa sababu ya macho, akaomba nimsomee. Nikamtafsiria taratibu: mstari unafuata ufukwe wa mashariki, wa kaskazini na wa magharibi hadi mdomo wa Mto Songwe. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Ufukwe upi, mwanangu? Wa mwaka gani?"

Akanionyesha mwembe ambao mizizi yake ilikuwa nje, imeoshwa na mawimbi. Utotoni walicheza chini yake, akasema, na kufika majini ilikuwa mwendo.

Mzee alikuwa sahihi kabisa. Kati ya takriban 1915 na 1935 maji yalipungua hata Mto Shire ukaacha kutoka ziwani. Mwaka 1980 yakafurika. Mpaka uliofungwa ufukweni huhama na maji. Na mkataba huohuo, kifungu cha 6, unaruhusu mistari irekebishwe kwa makubaliano kulingana na mahitaji ya mahali. Hatua chache kutoka tulipokaa mama mmoja alikuwa akichota maji ya kupikia. Kwa hesabu ya Lilongwe, yalipomfika magotini tayari yuko nje ya nchi yake. Kama hayo si mahitaji ya mahali, ni yapi?

Swali la mzee nililiweka mwanzoni mwa habari. Likakatwa, pakawekwa picha ya boti ya doria. Usuluhishi ulipokabidhiwa jopo la marais wastaafu chini ya Joaquim Chissano nililiandika tena, kwa urefu zaidi, na kwenye kitabu changu nimelipa sura nzima.