Mistari ya chaki mezani: siku moja kati ya simu na cherehani

Saa 11:40 alfajiri

Kengele inalia, mkono unaitafuta simu gizani. Kuizima kengele ni kugusa mara moja tu, lakini simu ikishatua mkononi haitoki. Naona viduara vyekundu vyenye namba, naanza kuvifuta kimoja kimoja, na nikija kuinua macho dirisha limeshakuwa jeupe. Nimeona harusi ya watu nisiowajua, mabishano ya mpira, mwanamke anayepanga kabati lake kwa rangi. Ukiniuliza nilikuwa nikitafuta nini, sina jibu.

Mimi ni fundi cherehani, mwaka wa 14 sasa, na kwa zaidi ya nusu ya miaka hiyo mitandao ya kijamii ndiyo iliyoniletea wateja wengi. Siandiki hapa kuilaani. Nataka kujua inanipa nini na inanichukulia nini, na nataka kujua kwa kuhesabu, nimechoka kukisia. Basi leo nimejiwekea utaratibu: kwenye ukingo wa meza ya kukatia nitachora mstari wa chaki kila nitakapoishika simu. Kushoto, kama nimeishika kwa ajili ya mtu au kazi ninayoweza kuitaja. Kulia, kama nimeishika tu.

Mstari wa kwanza, kabla hata sijanawa uso, umekwenda kulia.

Saa 1:30 asubuhi

Meseji 23. Ya juu kabisa ni ujumbe wa sauti kutoka kwa mama, dakika 4 na sekunde 10. Mama hana haraka anapozungumza. Huanza na salamu, akapitia majirani, ndipo afike kwenye neno lenyewe. Najiambia nitamsikiliza nikitulia. Naingia kwa wateja.

Wa kwanza yuko ng'ambo ya bahari. Nimemshonea nguo saba na hatujawahi kuonana. Nilimfundisha kujipima kwa simu ya video: futi ipite chini kabisa ya makwapa, ilale sawa mgongoni, isikaze wala kulegea, vidole viwili vipenye. Leo ametuma vipimo vipya vya kiuno na nyonga, na chini yake ameandika: "Fundi, ni mtoto." Anasema mimi ni mtu wa tatu kuambiwa. Nimesoma meseji hiyo mara mbili. Mtu ambaye sijawahi kumshika mkono ananipa habari ya namna hiyo, na kisa ni kwamba nguo zangu zinamkaa vizuri. Mstari, kushoto.

Wa pili ametuma picha ya gauni aliloliona mtandaoni. "Dada, nataka kiuno kama hiki hiki." Naikuza picha kwa vidole viwili. Nguo ni nzuri, mkato si mgumu, lakini kiuno hicho hakipo duniani: nyuma ya yule dada kuna fremu ya mlango, na pale inapopita usawa wa kiuno chake imepinda kwenda ndani kama mti uliosukumwa na upepo. Picha imebanwa kwa programu, na mlango umebanwa pamoja nayo. Nakata kipande hicho, nachora duara, nakirudisha kwa mteja: "Tazama mlango, dada." Anakaa kimya kidogo. Kisha: "Kumbe. Nilianza kujinyima kula kwa ajili ya hiki kiuno. Basi nishonee cha kwangu."

Namwambia cha kwake ndicho ninachokijua kukishonea. Mstari, kushoto.

Saa 3:45 asubuhi

Kazi ya kukata. Hapa ndipo nilipoharibu.

Kitambaa ni cha mteja, kina uso mmoja, yaani nje kina nakshi na ndani ni kitupu. Mikono ya gauni haifanani, mmoja ni wa kulia na mwingine wa kushoto, kwa sababu mviringo wa mbele huchimbwa zaidi kuliko wa nyuma. Ukikata mmoja mmoja, lazima uigeuze karatasi ya kipimo kabla ya kuulaza wa pili. Hata mwanafunzi wa wiki ya tatu analijua hilo.

Nimekata wa kwanza. Simu ikatetemeka mezani. Mteja anauliza nguo itakuwa tayari lini. Nimemjibu kwa maneno manne. Hapo ningeirudisha. Lakini chini ya kidole kulikuwa na video fupi ya mtu anayeshona kola, nikaitazama kwa kuwa ni ya kazi yangu. Iliyofuata ilikuwa ya viatu. Iliyofuata sikumbuki. Nilipoushika mkasi tena zilikuwa zimepita dakika 20, nikalaza karatasi vile vile ilivyokuwa, nikakata.

Mikono miwili ya kushoto.

Mwaka 2006 mbunifu wa programu anayeitwa Aza Raskin alitengeneza ule mtindo wa ukurasa usio na mwisho: ukifika chini, vitu vingine vinajileta vyenyewe, hakuna pa kubonyeza ili uendelee. Baadaye alisema hadharani kwamba anajuta. Namwelewa. Gazeti lina ukurasa wa mwisho, barua ina sahihi, hata uzi kwenye bobini huisha na cherehani ikakuambia kwa mlio wake. Ukurasa ule hauna mahali ambapo mwili wako unaambiwa basi. Lakini mkasi ulikuwa mkononi mwangu, na kosa ni langu.

Nimepiga simu kwa mwenye kitambaa, nikamwambia ukweli, nikamwomba ruhusa ya kuunga kwenye mshono wa ndani. Amekubali. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyevunjika moyo na bado anataka kuwa mwema, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Mistari mitatu, kulia.

Saa 6:15 mchana

Binti ninayemfundisha kazi amekaa pembeni hajagusa cherehani. Jana alimaliza gauni lake la kwanza peke yake, zipu ya kufichwa na yote, akaliweka kwenye ukurasa wake. Leo picha haipo. Nimemuuliza, akasema ameifuta, watu 11 tu ndio walioipenda.

Nimemwambia alete gauni. Nimeigeuza zipu nje na ndani mbele yake, nikampitisha ukucha kwenye mshono ili ausikie ulivyonyooka. Mimi zipu ya kufichwa ilinisumbua miezi, sikuwa na mtu wa kunihesabia. Kile kitufe cha kupenda, Facebook ilikiweka mwaka 2009, na binti huyu alikuwa bado mtoto wa kunyonya. Hajawahi kuishi katika dunia ambayo kazi ya mtu haipewi namba mbele ya watu. Sijui namna ya kumwondolea jambo hilo. Nimemwomba tu gauni nilitundike mlangoni, na limetundikwa.

Saa 7 mchana

Nimetulia, nasikiliza ujumbe wa mama.

Salamu. Majirani. Goti la jirani. Dakika ya tatu inapita. Kisha: "Halafu mwanangu, zile dawa za presha nimeziacha tangu juzi. Si umeona ule ujumbe kwenye kundi? Wanasema zinaua figo. Nakunywa ule mchanganyiko waliouandika, na najisikia vizuri tu."

Mikono imenifa ganzi. Presha haina kelele. Mtu anaweza kujisikia mzima kabisa huku imepanda, na kuacha dawa ghafla ni kujiweka kwenye hatari ya kiharusi. Na ule ujumbe niliuona. Ulikuwa na mishale miwili juu, alama ya kuwa umesambazwa mara nyingi. Aliyeuleta ni baba mdogo, na mimi nikasema moyoni nisimkosoe mkubwa mbele ya watu, nikapita. Nimepita kwa kidole, kama ninavyopita harusi za nisiowajua.

Nimempigia mama, hapokei. Nimeandika kwenye kundi dogo la sisi ndugu: "Nani yuko karibu na mama?" Tiki zikageuka bluu, wote wameusoma. Mdogo wangu akajibu ndani ya dakika moja: "Niko njiani." Dada yetu mkubwa akatuma picha ya cheti cha dawa cha mwezi uliopita, alikuwa ameihifadhi. Wifi, ambaye ni muuguzi, akatuma sauti kutueleza tumwulize mama nini na dalili zipi tuziangalie. Saa 8:05 mdogo wangu akaandika kutoka zahanati: 168 kwa 101. Daktari amemrudisha kwenye dawa zake, na amemweleza kuhusu figo kwa utulivu: presha isiyotibiwa ndiyo inayoziharibu.

Simu ile ile. Ilimpotosha mama, na ndiyo iliyotukusanya watu wanne kutoka pande nne kumwokoa kwa muda wa saa moja.

Kisha nikafanya nililopaswa kulifanya juzi. Niliandika faraghani, si kundini: "Shikamoo baba mdogo. Ule ujumbe wa dawa za presha si wa kweli, na mama aliziacha dawa kwa ajili yake. Naomba utusaidie kuwaambia wengine." Nilingoja jibu huku nikiogopa. Akajibu: "Marahaba mwanangu. Nilitumiwa na mtu ninayemwamini, nikadhani nawasaidia." Alijaribu kuufuta, muda wa kuufuta kwa wote ulikuwa umepita. Akarekodi sauti kwa kundi zima, akataja kosa lake waziwazi. Mzee wa miaka 70 na kitu. Heshima yangu kwake imepanda.

Lakini waliokwisha kuupeleka kwenye makundi yao hawatamsikia. WhatsApp iliweka kikomo mwaka 2020, kwamba ujumbe uliosambazwa mara nyingi upelekwe kwa mtu au kundi moja tu kwa wakati, na hilo linapunguza kasi. Halizuii mtu mwenye huruma na nia njema. Watafiti wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, walichapisha mwaka 2018 kwenye jarida la Science uchunguzi wa habari kama 126,000 zilizosambaa Twitter tangu 2006 hadi 2017, wakakuta habari za uongo zilikuwa na uwezekano wa kusambazwa zaidi ya za kweli kwa asilimia 70, na wanaozisambaza hasa ni watu, si mashine. Nilipousoma zamani niliwaza watu wabaya. Leo nimemwona ni baba mdogo, aliyenibeba mgongoni.

Saa 10 jioni

Simu iko kwenye droo ya vifungo. Nimeunga mkono wa gauni, nimepitisha nakshi juu ya mshono, ukiambiwa utauona, usipoambiwa hutauona. Kazi ilikwenda haraka mno. Nimekumbuka tarehe 4 Oktoba 2021, mitandao kadhaa mikubwa ilipozimika kwa karibu saa sita: usiku ule nilimaliza nguo mbili kabla ya kulala, na pia nilikosa vipimo vya mteja na nikakaa na wasiwasi juu ya watu wangu wa mbali. Yote mawili yalikuwa kweli.

Saa 3:20 usiku

Nahesabu mistari. Kushoto 19, kulia 31. Na mistari ya kulia, nimegundua, karibu yote ilianza kushoto: nilimwendea mtu fulani, nikamaliza naye, nikabaki pale peke yangu bila kutoka. Mlangoni naingia na jina la mtu. Jina likishapata jibu lake, mimi siondoki.

Nilikuwa nimeshika swichi ya taa simu ilipolia ndani ya droo. Ujumbe wa sauti kutoka kwa mama, sekunde 9. Nimeusikiliza hapo hapo nimesimama. "Nimekunywa dawa, mwanangu. Mdogo wako ananitazama. Lala."

Nimerudi mezani na kipande cha chaki, nikachora mmoja zaidi. Kushoto, 20.